Mavi ya Farasi Niliyokataa Kuzoa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nawaka mpaka leo, na ninayemwakia ni mimi mwenyewe. Ila leo na wewe umo. Mwezi mzima huu unanijia hapa: Babu, dawa ya minyoo nimpe farasi wangu mdogo kila mwezi? Kila miezi miwili? Au nisubiri mvua? Nakujibu, unakwenda kumuuliza mwingine, halafu unarudi na swali lile lile. Na mnyama mwenyewe hajaonja hata tone! Sasa kaa chini unisikilize, maana nitasema mara moja tu, sina pumzi za kuchezea.

Wakati wa Mwingereza, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nilikuwa saisi, mtunza farasi, pale Mwanza mjini. Farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, maana maradhi yaliwamaliza. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Alinunua farasi jike kwa Mzungu mmoja wa machimboni aliyekuwa anarudi kwao, kumbe yule farasi ana mimba. Akazaa mtoto wa kike, tukamwita Lulu. Lulu hajatimiza miezi sita, mama yake akaugua, siku mbili tu, akafa. Basi akabaki yeye peke yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, tajiri alikuja bandani na kipande cha sukari guru, anamlisha kwa mkono wake huku akimsemesha Kigujarati. Na mimi nilimpenda, usidhani sikumpenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Karibu na banda alikaa Mzee Faraji, fundi wa kushona matandiko ya ngozi. Mtu wa mjini hasa, baba Mwarabu, mama Mmanyema, na ujana wake alikuwa saisi kwa Wajerumani. Siku moja, kabla mama hajafa, Lulu akiwa na miezi miwili bado ananyonya, mzee alisimama kwenye lango la uwanja wetu wa majani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa chini.

"Bwana mdogo, haya mavi huyazoi?"

"Ya nini, mzee? Si yatakauka."

"Minyoo ya farasi inaanzia hapo. Mayai yanatoka na mavi, mtoto anakula majani humu humu, anayameza. Zoa kila siku. Na dawa umwanzishie mwezi huu huu, kidogo, kwa kadiri ya mwili wake, kisha kila miezi miwili mpaka avuke mwaka. Usingoje augue."

Sasa sikia upumbavu wangu. Mimi Msukuma, nimezaliwa katikati ya ng'ombe. Kwetu zizi lenye mavi mpaka magotini ndilo zizi la mtu mwenye mali. Ukiliona limefagiliwa unauliza, jamani, ng'ombe wamekwenda wapi? Tena dawa kwetu anapewa mnyama anayeumwa. Ndama mzima, anarukaruka, unamkaba umtie dawa kinywani ya nini? Nikamwona yule mzee anajua ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kufa, aliye hai hamjui. Na nikikuambia ukweli wote, kulikuwa na ile kofia nyekundu aliyoninunulia tajiri. Saisi mzima na kofia yangu, nionekane nimebeba karai la mavi, na wasichana wanapita kwenda kuteka maji ziwani? Aka!

Basi nikamjibu kwa adabu zote, "Ahsante, mzee, nimesikia."

Nimesikia! Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Dawa ilikuwepo, chupa nzima kwenye rafu, bwana mifugo aliileta mwenyewe wakati mama yake Lulu angali hai. Mimi nikajipangia utaratibu wangu: nitampa nikiona dalili. Utaratibu gani huo? Huo ni uvivu umevaa kofia. Mama akafa, miezi ikapita, mvua zikanyesha, majani yakaota mazuri, na Lulu akala pale pale alipokunya jana. Dalili zikaja. Tumbo likajaa, mbavu zikaonekana, manyoya yakasimama hovyo, akaanza kikohozi. Nami nikawa na jibu kwa kila kitu. Tumbo ni majani mabichi. Kikohozi ni vumbi. Vumbi, mwanangu, katikati ya masika!

Asubuhi moja tajiri akampapasa mbavuni akaniuliza, "Mbona mtoto amekonda hivi? Dawa yake anapata?"

"Anapata, tajiri."

Akaenda zake dukani. Mimi nikabaki bandani na aibu yangu. Mlango wa Mzee Faraji ulikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ishirini! Ningekwenda kumwambia, mzee, nimekosea, nifanyeje? Sikwenda. Nikatwaa chupa, nikapima kipimo cha mama yake, farasi mzima, nikaongeza na kidogo juu, nikamnywesha Lulu chote. Nilitaka kufidia miezi yote niliyoiruka kwa asubuhi moja.

Jua halijafika utosini, Lulu akalala chini. Akainuka, akalala tena, akajigaragaza, anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma na kugeuka kulitazama. Jasho linamchuruzika. Hapo ndipo nilipoziona zile hatua ishirini kuwa fupi, nikazikimbia.

"Umempa kiasi gani?" mzee akauliza, huku ameshamkamata Lulu kamba anamtembeza.

"Cha mama yake."

"Na kabla ya leo?"

Nikashika kamba nimsaidie kuvuta.

"Na kabla ya leo, nimekuuliza!"

"Hajapata."

Akafumba macho. "Umeiua minyoo yote kwa mkupuo," akasema. "Na utumbo wa mtoto ni mwembamba. Itapita wapi?"

Tajiri akafunga duka mchana kweupe, akatuma mtu amwite bwana mifugo. Akaja, akatega sikio tumboni, akamnywesha mafuta ili kulainisha njia. Tukamtembeza kwa zamu, mimi, Mzee Faraji, na tajiri mwenyewe na viatu vyake vya dukani. Kabla ya adhana ya alasiri, Lulu alipiga magoti akalala ubavu, hakuinuka tena. Bwana mifugo akampasua. Minyoo ilikuwa imebanana ndani ya utumbo kama tambi kwenye sufuria.

Tajiri akanitazama. "Uliniambia anapata."

"Nilikudanganya, tajiri."

Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Aliingia ndani, na siku tatu hakutoka.

Nilidhani Mzee Faraji naye atanitukana, nikasimama kusubiri. Alikuwa anakunja ile kamba. Akasema taratibu, "Bwana mdogo, ungeniambia tu, mzee, mimi sizoi. Ningekuja na karai langu nikazoa mwenyewe, na dawa ningempa mwenyewe. Lakini ulinijibu umesikia. Nikaenda kushona ngozi zangu, nikijua mtoto yuko salama."



Sasa wewe. Farasi wako ana miezi minne na hajapata kitu, kwa hiyo usije ukajitia kufidia kama mimi. Nenda leo kwa bwana mifugo, umpeleke na mnyama amwone, umwambie ukweli kwamba hajawahi kupewa, akupimie cha kuanzia, kidogo. Siku atakayokutajia ya kurudia, rudia siku hiyo. Kisha kila miezi miwili mpaka avuke mwaka, na uandike kwa mkaa ukutani siku uliyompa, maana kichwa chako nakijua. Mavi zoa kila asubuhi, uyatupe mbali na anapokula. Umechagua utaratibu, shika huo. Acha kuzunguka mji mzima ukitafuta mtu atakayekuambia uendelee kukaa bila kufanya kitu. Na kama huwezi, sema huwezi. Nina magoti mabovu, lakini nitakuja nizoe mimi. Ila usinijibu umesikia ukaniacha nimetulia hapa bure.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kazi, na mdomo usioficha kosa wakati bado lina dawa. Akukuzie mnyama wako umpande, upite naye hapa mlangoni, nimwone akiwa mzima.