Siku Nilipounguza Redio Ndani ya Landrova ya Babu

Haya ninayoyaandika ni aibu yangu mwenyewe, na kama si kwamba nusu ya kijiji chetu cha Bombo waliyaona kwa macho yao ningekaa nayo kimya mpaka nizeeke, lakini kwa kuwa juzi tu mferejini kuna mama aliniuliza "Nakunda, redio haijambo?" (na wenzake wakacheka mpaka wakatua ndoo), naona afadhali niyaseme mimi kama yalivyokuwa.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiwa na swali nalimeza, halafu naenda kulitafuta kitabuni peke yangu. Niko kidato cha tatu na fizikia naipenda, na hilo ndilo lililoniponza, maana Shangazi Niwaeli, kitinda mimba wa Babu, alipokaribia kuolewa alinunua Same mjini redio ya gari ya kisasa, ile ya kioo cha kugusa na blutuzi, akanikabidhi akasema, "Wewe si ndiye unayesoma umeme? Tufungie kwenye Landrova ya Babu, nataka niende kanisani na muziki."

Landrova yenyewe ina umri mkubwa kuliko baba yangu. Babu alikuwa dereva wa shamba la mkonge kule tambarare, shamba lilipofungwa akainunua, akaipandisha mlimani, na binti zake watatu wakubwa wote wametoka nyumbani kwenda kanisani ndani yake, yeye akiwa kwenye usukani. Niwaeli ndiye wa nne na wa mwisho. Upande wa bwana harusi walishatuma salamu kwamba watakuja na gari jeupe la kukodi, ili "lile la mzee" likigoma bibi harusi ahamie kwao. Babu wiki nzima alikuwa analisugua gari lake kwa kitambaa, na sisi sote tulielewa: likigoma mbele ya wageni, mwanawe wa mwisho atatolewa nyumbani kwake na gari la watu.

Kufunga redio nilishamwona fundi mmoja Same akifunga, nikakariri: waya mwekundu kwenye moto, yaani kwenye umeme wa betri, mweusi kwenye bodi. Nikaifunga siku mbili, polepole, bila kuijaribu kwa sababu betri ilikuwa imepelekwa kuchajiwa. Jioni ya mwisho Babu akaja, akainama dirishani. "Mjukuu wangu, bodi ya gari hili unaijua ilivyo?"

Sikujua anauliza nini. Bodi si bodi, ni bati tu. Ningesema "Sijui, Babu", maneno mawili, yakaisha, lakini kina mama waliokuwa wanamenya ndizi pale walishanyamaza wananiangalia, basi nikaitikia kwa kichwa. "Msomi ameshajua," Babu akasema, akaenda zake ameridhika.

Asubuhi betri ikafika wakati wageni wameshajaa uani. Babu akaifunga mwenyewe, na mimi nikaona kwa macho yangu anafunga chanya kwenye bodi. Kinyume kabisa na nilichosoma. Nikasema moyoni, masikini Babu, macho yamechoka. Mtu mwenye akili angefungua mdomo hapo, ila mimi nikaona aibu kumsahihisha mzee mbele ya wakwe, nikanyamaza tena (yaani mara ya kwanza nilinyamaza kwa kutojua, ya pili kwa kudhani najua, na ya pili ndiyo mbaya zaidi).

Shangazi akapanda mbele na shela lake, mimi nyuma na simu mkononi, kwaya imejipanga, Babu akafungua swichi. Redio ikasema "tik". Kisha ukatoka moshi mwembamba wa bluu, harufu ya plastiki, halafu moshi wa kweli, na Mama Mkubwa aliyekuwa karibu na dirisha akasema "linawaka hili," akachukua ndoo iliyokuwa mbele yake akaimwaga yote ndani. Ilikuwa ndoo ya togwa ya kunywesha wageni.

Togwa ilimshuka Shangazi kutoka shela mpaka mapajani. Nilisikia inavyodondoka kwenye sakafu ya gari. Ndipo kaka yake bwana harusi akasema, taratibu kabisa, "Basi shemeji aje kwetu, gari letu lina eya kondishen, itamkaushia."

Wachache wakacheka. Babu akashuka, akachomoa betri, akatoa kisu kidogo na kuanza kukata nyaya zangu mmoja mmoja.

"Mweusi uliufunga wapi?"

"Kwenye bodi, Babu."

"Magari ya enzi zile, mengine, bodi ndiyo chanya. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Ukasema unajua."

Ningekuwa na pa kuingia ningeingia, hata uvunguni mwa lile gari.

Waya wangu ulikuwa umeunguza na ule wa starta. Babu akarudisha betri, akachukua chuma cha kuwashia kwa mkono, akakichomeka mbele ya injini. Mzee wa miaka sabini na kitu, na suti ya harusi. Akazungusha, kimya. Akazungusha, kimya. Yule kaka wa bwana harusi akafungua mlango wa gari jeupe. Shangazi akasema kupitia dirishani, "Mimi sishuki, zungusha Baba," na mara ya tatu injini ikanguruma.

Sasa hapa ndipo maneno yananiishia. Kwa kuwa muziki haukuwepo, kwaya ikatangulia mbele kwa miguu, Landrova ikafuata kwa gia ya kwanza, na wale kina mama wa kwaya wakaanza kuimba juu ya ule mngurumo kama vile injini ndiyo iliyowapa sauti. Ukungu ulikuwa bado bondeni. Kisha kutoka mlima wa pili, ambako hatukuona mtu hata mmoja, sauti nzito za wanaume waliokuwa mashambani zikapokea kiitikio. Nywele zilinisimama. Nilishika simu yangu nikaona ni kitu kidogo sana. Nyuma yetu gari jeupe lilikuwa limeshusha vioo vyote, wamezima eya kondishen yao wanasikiliza. Shangazi alilia, akacheka, akalamba togwa mkononi, na Babu akamfikisha.

Sijaapa kutogusa nyaya. Nimeapa jambo gumu zaidi, na Jumatatu Babu alinijaribu nalo. Alifungua boneti, akanieleza chanya na hasi kwa saa nzima, akaniuliza, "Umeelewa?" na jirani alikuwa amesimama pale anatazama.

"Sijaelewa, Babu," nikasema, uso unawaka.

Akaweka spana chini. "Haya. Tuanze tena na betri."