Kiti Kilichopimwa Kabla ya Keki

Jirani yangu ametumia miaka kumi na minne bandani kuunda gari la mashindano la mtindo wa kale, kwa mikono yake mwenyewe. Injini ni ya ndege ya kivita, kubwa kama ng'ombe. Ikiwaka, vikombe vya kasisi wa mtaa wetu vinagongana kabatini. Kila asubuhi huisalimia injini kabla ya mkewe, Hettie, na kila keki ya mkewe anayoigusa hubaki na alama ya dole gumba jeusi kwa grisi. Jumamosi, kwenye mashindano ya kupanda kilima, jirani yangu alivaa kofia yake ya ngozi, akaingiza mguu mmoja garini, akaingiza wa pili, akakwama kiunoni. Kiti alikipima mwaka ule wa kwanza.

"Bati limesinyaa kwa baridi," akatutangazia.

"Bati gani? Si hilo tumbo lako!" Hettie akamjibu. "Hebu toka, mzee."

Tulimvuta watu watatu mpaka akachomoka kama kizibo. Hettie akaketi, kiti kikamkaa sawasawa, akapotea kilimani kwa moshi na kishindo. Aliporudi, watu wote wakipiga makofi, jirani yangu alimpita mkewe mbio, akalaza kiganja juu ya boneti, akaiuliza injini kwa upole, "Hajakuumiza?"