Niliificha Salfa Kitandani kwa Mwanangu, Lawama Akabeba Mke Wangu

Nimekosa. Naomba nianze hapo hapo, maana nikianza kwa kujieleza nitajikuta najitetea, na mimi kwa kujitetea sijambo.

Jina langu halina kazi hapa. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, naishi Mtanda, Lindi, na nina duka dogo la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Ukija dukani ukataka nati namba kumi, sigeuki hata kutazama, mkono unakwenda wenyewe. Kila kitu na kopo lake. Ndivyo nilivyo tangu utoto, na kwa kweli ndugu msomaji, najipenda hivyo.

Shida ni kwamba nilitaka na nyumba iwe kama duka.

Nilibandika karatasi mlangoni mwa jikoni: sheria za nyumba. Viatu mwisho barazani. Fagio la uani lisiingie ndani. Ndoo za maji zifunikwe. Mashuka yafuliwe kila Jumamosi. Vyombo visilale na masalia. Mpaka leo nasema ni sheria nzuri, zifuateni. Ila zilifika kumi na moja, na mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Zai, alizisoma zote akaniuliza, "Na ya kumi na mbili? Kupumua kwa zamu?"

Tulicheka. Mke wangu ni mcheshi. Alikuwa mcheshi.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Kama familia nyingi za huku kwetu, tuna mikorosho bara, shamba la marehemu baba. Analiangalia mdogo wangu. Msimu wa kupulizia ukifika tunanunua salfa, ile dawa ya unga wa manjano ya kuzuia ugonjwa wa maua. Mwaka ule ikabaki mifuko miwili, ikawa imerundikwa kwangu uani. Mama Zai akasema neno moja tu.

"Baba Zai, hiyo dawa isilale ndani. Ipeleke shamba kwa shemeji."

"Nitaipeleka," nikajibu.

Sikuipeleka! Mdogo wangu nampenda, lakini cha mtu mikononi mwake hakikai. Niliwahi kumwachia jembe nikarudishiwa mpini. Nikaona nikimpelekea salfa, msimu ujao nitakuta mifuko imejaa maneno matupu.

Na mimi nilikuwa na mahali pazuri. Wiki chache nyuma fundi alikuwa amemtengenezea binti yetu Zai kitanda cha sanduku: juu chaga, zile mbao za kubebea godoro, na chini boksi lenye mlango mdogo. Wazo lilikuwa langu. Niliwaonyesha wageni kile kitanda kama vile nimenunua gari. Blanketi za akiba humo, mabegi humo, chumba kinabaki kimenyooka. Siku moja mke wangu yuko sokoni nikaisukumia humo mifuko yote miwili, nikaipanga ubavu kwa ubavu, nikafunga kufuli. Ufunguo nikauweka dukani, kwenye kopo lake.

Mke wangu aliporudi akaona uani kweupe. "Ahsante mume wangu," akasema. Nikaitikia, "Usijali."

Usijali! Jamani, ulimi huu!

Zai alikuwa na miaka sita, yuko darasa la kwanza. Ana tabia moja: akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, anajirusha kitandani kwa tumbo. Mara tatu, mara nne, huku akicheka. Chini yake ni godoro, chini ya godoro ni chaga zilizoachana, na chini ya chaga ni ile dawa. Mnaona wenyewe. Mimi sikuona.

Kikohozi kikaanza. Kikavu, cha kukwaruza. Macho yakawa mekundu, anayasugua mpaka yanavimba. Nami bwana mpenda usafi nikaanza upelelezi wangu. Nikasema ni zulia, zulia likatolewa. Nikasema ni mapazia, yakafuliwa. Nikasema ni paka wetu, Karani, manyoya yake. Zai alilia sana, lakini Karani nikampa muuza samaki mmoja, na nasikia huko alinenepa kuliko mimi.

Paka alipoondoka, panya wakahamia. Hilo nalo sikulipigia hesabu. Niliwasikia wakikwaruza chumbani kwa Zai nikasema tu, "Mama Zai, humu ndani kuna chakula kinaanguka."

Nilikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilikuwa na jina la mke wangu.

Mama Zai alikuwa anasuka mikeka. Si kazi ya kutajirika, lakini ni furaha yake. Mchana wanawake wanne watano walikuja barazani kwetu na ukindu wao, wanasuka, wanasimuliana, vicheko vinafika barabarani. Nikamwambia ule ukindu unaleta vumbi. Hakubishana. Akakunja kazi yake, akawaambia wenzake wahamie kwingine. Baraza ikawa safi sana, na kimya.

Likizo ya Desemba tukampeleka Zai kwa bibi yake mzaa mama, kule Rasbura. Baada ya wiki nikaenda kumtazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto mmesema anakohoa? Hapa kwangu hajakohoa hata mara moja. Anakula, anapiga kelele, hana shida."

Mtu mwenye akili angejiuliza: kuna nini nyumbani kwangu ambacho kwa mama mkwe hakipo? Mimi nilirudi Mtanda nikamkuta mke wangu anasugua sufuria kwenye karo, nikasema, "Unaona? Kwa mama yako kunafagiwa."

Mungu anisamehe kwa sentensi ile. Mama Zai aliendelea kuisugua sufuria ileile, na ilikuwa imeshatakata zamani.

Zai akarudi, na kikohozi kikarudi. Alasiri moja ya Machi akajirusha kitandani kama kawaida yake, na safari hii hakuinuka akicheka. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, hewa haiingii, midomo imebadilika rangi. Nilikuwa nimepita nyumbani kula. Nikambeba, mama yake nyuma yangu hana hata viatu, tukapanda pikipiki watatu hadi hospitali. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Walimpa hewa, wakampa dawa, akatulia, akalala.

Daktari alituuliza vizuri kabisa: kuna moshi nyumbani? Kuna rangi mpya, dawa za wadudu, dawa za shamba?

Ndugu zangu, nilijibu mimi. Nikasema, "Dokta, kwangu unaweza kula sakafuni."

Sikudanganya kwa makusudi. Nilikuwa nimesahau! Mifuko ile ilishapangwa vizuri, imefungiwa, na kwangu mimi kitu kikishapangwa vizuri kimekwisha. Lakini Mama Zai alikuwa ameketi pale, mtoto mapajani, na alilisikia jibu langu. Kama nyumba haina kitu, basi kosa ni la anayeisafisha. Ndivyo alivyoelewa.

Tangu siku hiyo alianza kusafisha kama mtu anayefukuzwa. Anapiga deki alfajiri, anapiga mchana, anapiga jioni. Mashuka anayachemsha. Kuta anazifuta kwa maji ya dawa. Boksi la kitanda tu hakulifikia: lina kufuli, na godoro zito hakuliinua. Viganja vikachubuka, akawa anakula kwa kijiko kwa sababu chumvi inamuuma.

Mwezi Mei, msimu wa kupulizia unakaribia, nikakumbuka salfa yangu. Nikachukua ufunguo, nikarudi nyumbani saa nne asubuhi, mke wangu yuko sokoni na mtoto shule. Nikafungua ule mlango mdogo.

Weee! Panya walikuwa wameutoboa mfuko mmoja pembeni. Unga ulikuwa umetapakaa boksi zima, umeng'ang'ania chaga, umeingia mpaka upande wa chini wa godoro. Nikainama kidogo tu, nikakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza.

Nilikaa chini. Nilijua yote kwa mpigo mmoja, tangu zulia mpaka hospitali.

Hapo ndipo nilipopaswa kumngoja mke wangu nimwambie. Badala yake nilifunga shati usoni, nikaitia mifuko kwenye viroba, nikaita bodaboda na kuipeleka shamba siku ileile. Kabla ya hapo nilifuta boksi kwa kitambaa kibichi mara nne, nikaosha chaga, nikatupa lile godoro na kuleta jipya. Mama Zai aliporudi akaona godoro jipya, akanishukuru. Nikasema, "Nimeona la zamani limechoka."

Baada ya siku kumi Zai hakohoi tena.

Furaha iliyokuwepo nyumbani siwezi kuieleza. Mama Zai akaandaa dua ndogo ya shukrani, akawaita majirani na wale wasusi wenzake. Mimi nikajiweka chumbani nyuma ya pazia na sahani yangu ya vitumbua. Nikamsikia mke wangu anawaambia wenzake kwa sauti ya chini:

"Wenzangu, jifunzeni kwangu. Uchafu wangu mimi ndio uliokuwa unamkaba mwanangu. Nilikuwa nadhani nafagia, kumbe najidanganya. Mume wangu aliniambia mapema, nikawa mbishi."

Kitumbua kilinikwama. Nilikuwa na hatua tatu tu kufika kwenye lile pazia. Sikuzipiga. Nilikimeza, nikachukua kingine.

Nilinyamaza miezi mitano. Nilijiambia mtoto amepona, ya nini kufukua? Nilijiambia na usafi umeongezeka, hasara iko wapi? Hasara ilikuwa mbele ya macho yangu: mwanamke asiyesuka, asiyetoka, asiyetania, anayeamka akiwa amechoka na kushika ndoo.

Kilichonivunja ni Zai. Siku moja katoka shule, miguu ina mchanga, kasimama mlangoni haingii. Mama yake yuko ndani anadeki. Mtoto akauliza, "Mama, nikiingia hivi, nitakufa?"

Mama Zai akaacha tambara, akaanza kulia.

Nikasema pale pale, nimesimama barazani, sikusubiri kutafuta maneno mazuri. "Mama Zai, si uchafu wako. Haukuwa uchafu wako hata siku moja. Ni salfa. Sikuipeleka shamba. Niliiweka chini ya kitanda chake, nikaisahau."

Aliinuka, akaja mpaka mlangoni.

"Chini ya kitanda cha mwanangu?"

"Ndiyo."

"Umejua lini?"

"Mei."

Akahesabu kwa vidole vyake vilivyochubuka. "Kwa hiyo siku ile ya dua ulikuwa unajua. Nilipokuwa najisema mbele za watu, ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na mazoea. "Nakula vitumbua," nikasema.

Sikutukanwa. Laiti ningetukanwa! Alisema tu, "Kwamba uliisahau, hiyo nakusamehe, mtu husahau. Lakini uliniacha nimwombe mtoto wangu radhi kwa kitu ambacho sikukifanya. Nilimwomba radhi, Baba Zai. Akiwa amelala."

Nikamwambia nitawaambia wale wanawake. Akasema, "Waite wewe. Mimi siiti mtu." Niliwaita. Nikasimama mbele yao, mtu mzima na ndevu zangu, nikasema yote. Bibi mmoja akaniambia, "Wewe uliyejaa sheria mlangoni, ya kumwamini mkeo ulisahau kuiandika?" Wakacheka, nikacheka nao, ingawa machozi yalikuwa karibu. Karatasi ya jikoni niliibandua jioni ileile.

Sasa wanasuka tena barazani kwetu, na vumbi la ukindu lipo tele, na Zai hakohoi. Nami nafagia. Lakini jambo moja halijaisha. Hata leo mtoto akipaliwa na maji tu, akakohoa mara moja, mama yake kwanza anatazama sakafu. Hanitazami mimi. Anatazama sakafu kama kuna kitu alikisahau, halafu ndipo anakumbuka. Kile nilichompa kwa miezi mingi hakijui njia ya kutoka.

Wanaume wenzangu, hasa ninyi mnaojua kukagua kuliko kushika fagio: dawa ya shamba isilale ndani, iwe salfa, iwe ya magugu, hata ifungwe kwa minyororo. Iwe na banda lake, mbali na vyumba, mbali na chakula. Mtoto akiugua nyumbani na kupona akitoka, msitafute mtu wa kulaumu, tafuteni kitu. Daktari akiuliza swali, jibuni swali, msijisifu. Fungueni leo kila boksi mlilolifunga kwa mikono yenu.

Na ukikuta humo kosa lako, mwite mkeo alione kabla hujashika tambara.