Fundi Pancha na Tumbo Lililojaa Hewa

Fundi Pancha hakuwa mtu wa kushindwa na hewa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiziba matairi kibandani mbele ya nyumba yake, na kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemwomba, hewa yote ya mtaa ule ilikuwa chini ya mamlaka yake. Yote, isipokuwa ile ya tumboni mwa binti yake wa miezi mitatu.

Mtoto alianza kulia Jumatatu, siku mama yake aliporudi kiwandani kushona sare. Kila akimaliza chupa ya maziwa aliyoachiwa na mama yake, tumbo lilikaza, miguu ikajikunja, na kilio kikapanda hadi wenye pancha wakaona heri wasukume baiskeli zao mpaka kwa fundi mwingine. Mama mzazi wa Fundi, aliyekuja kusaidia kulea, hakuchelewa kutoa hukumu.

"Mtoto anamlilia mama yake. Mkeo aache kazi, yaishe."

Mke aliipenda ile kazi kuliko alivyothubutu kusema. Jumanne alibisha, Jumatano akanyamaza, na Ijumaa asubuhi akaondoka na barua ya kuacha kazi mkobani. Angeikabidhi saa sita na nusu, wakati wa chakula. Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni bila kusema neno. Katika kukaa kimya mbele ya mama yake, alikuwa shujaa wa kweli.

Saa tano chupa ikaisha, kilio kikaanza. Fundi akamweka mtoto begani, akampigapiga mgongo kwa kiganja kilichooshwa mara tatu na bado kikinuka gundi. Mtoto hakucheua. Akamlaza chali, akamzungusha miguu kama mwendesha baiskeli. Hapo ikatoka hewa ya kishindo, na mtoto akatulia.

"Mnaona sasa?" Fundi akaziuliza kuta.

Alipompa chupa ya pili, msiba ukaanza upya.

Ndipo akakumbuka kitu anachowaambia wateja kila siku: hewa haizaliwi ndani, ina mahali inapopitia. Akaipindua chupa juu ya beseni. Maziwa hayakudondoka tone kwa tone. Yalibubujika kama bomba lililovunjika.

Akaitambua kazi yake mwenyewe. Jumapili, walipokuwa wakimzoesha mtoto chupa, Fundi alimwonea huruma kwa kuhangaika kunyonya. Basi kwa busara zake akachukua sindano, akaichoma moto, akalipanua tundu la chuchu ya chupa. Kazi safi, ya kifundi. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akigugumia maziwa na kumeza hewa. Mtu anayekula kwa kuziba matundu ametoboa moja tu maishani mwake, na hilo ndilo lililokuwa linamwachisha mkewe kazi.

Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Angeweza kununua chuchu mpya kimyakimya, mkewe aache kazi, mtoto apone, mama mzazi wa Fundi aonekane alisema kweli, na yeye abaki bingwa. Wazo hilo lilimjia, tena likakaa kitako. Alilionea aibu, akachukua simu.

"Mke wangu, usitoe hiyo barua. Ni mimi. Chuchu ya chupa niliitoboa mimi, mtoto anameza hewa."

"Wiki nzima," mkewe akasema, "najifungia chooni hapa kazini nalia, nikiamini mwanangu ananikataa. Na wewe unanitazama tu."

"Nisamehe."

"Mama yupo hapo?"

Mama yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Yupo."

"Weka spika, useme tena."

Fundi akaweka spika, akamtazama mama yake machoni, akasema tena.