Moyo wa Nesi Bertilla

Bertilla alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati moja ya kijiji upande wa Kate, mbali na mji wa Sumbawanga, na kwa miaka kumi na minne hakuna chombo alichokizoea kuliko ile koni ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni. Anaiweka, anainamisha sikio, anatazama mshale wa sekunde, kisha anamwambia mama, "Yuko salama, anakwenda mia na arobaini."

Siku moja mwaka 1991, akikamua tambara la kupigia deki, moyo wake mwenyewe uliondoka. Hivyo ndivyo alivyomweleza mumewe, Kalisti: uliondoka. Haukupanda taratibu kama wa mtu aliyekimbia, ulikurupuka. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akajishika kifundo cha mkono, akahesabu. Alifika mia na tisini dakika haijaisha. Baada ya robo saa ukatulia ghafla, naye akainuka kumalizia sakafu.

"Ulikula nini?" Kalisti alimuuliza.

"Ugali na maharage, kama wewe."

"Basi kesho pumzika."

Hakupumzika, kwa sababu kesho yake hakuumwa popote.

Ukawa unakuja. Mara mbili kwa juma, halafu miezi mitatu kimya, halafu tena. Ulimkuta akiwa na hasira, ukamkuta anasali. Alijaribu maji baridi usoni, alijaribu kubana pumzi na kulalia ubavu wa kulia. Siku nyingine ilionekana kusaidia, siku nyingine haikusaidia kitu.

Tabibu Basil, mkuu wa zahanati, alimpa vidonge vya kuongeza damu, na vilipokwisha bila nafuu akamwandikia barua ya kwenda Sumbawanga. Biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa watu binafsi, malori yao yakipita mara kwa mara, na Bertilla akapanda juu ya magunia. Hospitalini daktari kijana alimsikiliza kifuani na mgongoni.

"Sabini na sita. Moyo wako mzima, mama."

"Sasa hivi ni mzima. Ukianza ndipo utaona."

"Basi njoo ukianza."

Hakuwa amemkejeli. Hakujua tu Kate iko umbali gani.

Safari ya pili moyo ulianza akiwa njiani, na Bertilla akamshukuru Mungu. Ulipiga mpaka mabati ya mji yakaonekana, naye amekumbatia kifua kwa mikono miwili, akiuomba usiache. Kwenye geti la hospitali ukatulia. Safari ya tatu mashine ya kuchora mapigo ilikuwepo, lakini karatasi zake zilikuwa zimekwisha.

Mama mkwe wake alisema karogwa na mtu anayeitaka kazi yake. Bertilla hakubisha, alishachoka kubisha. Ila alijikuta anamtazama Adela, mhudumu mwenzake, kwa jicho ambalo yeye mwenyewe hakulipenda.

Ikafika miaka ile serikali inapunguza wafanyakazi, na watu wakasema itaanza na wafanyakazi wanaoumwa. Akaanza kuficha. Ukimjia anaingia stoo, anakaa juu ya boksi la dripu mpaka uishe.

Asubuhi moja alikuja mama mjamzito, Kabula, uchungu umeshamshika. Alikuwa wa familia za Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bondeni, na alikuja na mama mkwe wake. Tabibu Basil alikuwa safarini, Adela kaenda kisimani. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana moyo ulipoondoka. Macho ya Bertilla yakajaa giza, akajikuta ameketi sakafuni na glavu zake mkononi.

"Nesi," Kabula alisema, "mbona umekaa?"

"Usisukume kwanza. Mama, njoo wewe hapa. Shika kichwa. Usivute."

Yule mama akasogea.

"Pitisha kidole shingoni. Kuna kamba ya kitovu?"

"Ipo."

"Itelezeshe juu ya kichwa. Polepole."

Aliiona mikono ya mwanamke yule ikiitelezesha kamba, na yake imelala mapajani, haina nguvu hata ya kunyooka. Mtoto alitoka, wa kike, akalia. Moyo wa Bertilla ulikwenda mbio dakika arobaini zaidi.

Kabula hakulalamika. Aliuliza tu, "Unaumwa nini, nesi?"

"Sijui."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Habari zilienea bila mtu kuwa na nia mbaya. Tabibu Basil alimtoa chumba cha kuzalishia, akamweka kwenye kuandika kadi. Mwaka uliofuata jina lake likasomwa kwenye orodha ya waliopunguzwa. Alimwendea Basil, akamuuliza kama ni kwa ajili ya moyo.

"Orodha imetoka juu, Bertilla. Imekuja na majina, sababu haikuja nazo."

Huenda alisema kweli. Bertilla hakuwa na pa kuulizia pengine.

Sasa analima na Kalisti. Wakivuna ulezi, unaweza kumwona ameketi ghafla katikati ya shamba, kitambaa kimeshuka mabegani, upepo wa baridi ukimpiga. Kalisti anaweka kisu chini, anakuja.

"Nifanye nini?" anauliza, kila mara.

"Kaa tu."

Anachuchumaa mbele yake, anatazama mshipa wa shingo unavyorukaruka. Alishaacha kutaja hospitali.

"Umepungua?"

"Bado."

Anangoja, kisha anauliza tena.

"Bado."