Sentimita Thelathini na Tisa

Bi Mkasi alianza kumdharau jirani yake siku alipomwona akisoma maelezo nyuma ya mfuko wa saruji. Mwanamume mzima, karani mstaafu, anajenga huku anasoma! Alikuwa akimjengea mama yake choo cha karibu, maana magoti ya kikongwe yalikuwa yamekwisha na cha zamani kilikuwa mwisho kabisa wa uwanja. Ukuta ulipofika kiunoni, Bi Mkasi akatoka na tepu yake.

Ilikuwa tepu ya fundi cherehani, ya kitambaa, na alikuwa ameivaa shingoni miaka ishirini na miwili. Mtaa mzima ulivaa kwa tepu hiyo na hakuna aliyewahi kurudisha nguo. Hati ilisema kiwanja cha Bi Mkasi kina upana wa mita ishirini. Jiwe la mpaka upande wa karani lilikuwa limepotea zamani, basi akapima kutoka jiwe la upande wa pili, ameinama kama anayeokota mchele, mpaka kwenye ukuta wa choo.

"Umenila sentimita thelathini na tisa," akasema.

"Mpima ardhi anakuja mwezi ujao, fundi. Si tumsubiri?"

"Wa nini? Mimi napima watu tangu wewe una nywele!"

Karani akakuna kipara, akaingia ndani, akatoka na nyundo. Kufikia alasiri choo kilikuwa kifusi. Bi Mkasi alitazama kutoka dirishani kwake na dharau ikamzidi. Angalau angebisha! Mwanamume gani anabomoa choo cha mama yake kwa kelele za jirani? Bendera hufuata upepo, na huyu hata bendera si bendera, ni kitambaa cha kufutia meza. Kila mteja aliyeingia aliambiwa hivyo, pini zikiwa mdomoni.

Mpima ardhi alikuja na tepu ya chuma. Mita ishirini ziliishia palepale, kwenye msingi wa choo. Alirudia, jibu likawa lilelile.

"Chuma chako kina kutu," Bi Mkasi akasema.

Mpima ardhi akamwomba tepu yake, akailaza kando ya ile ya chuma. Sentimita mia moja na hamsini za Bi Mkasi zilikuwa mia moja hamsini na tatu.

"Imevutika, mama. Inasoma pungufu."

"Mbona nguo zangu zinakaa?"

"Mtu unampima kwa hii, na kitambaa unakipima kwa hiihii. Wote unawadanganya sawasawa."

Majirani wakaangua kicheko. Bi Mkasi akamgeukia karani kwa hasira. "Na wewe! Kwa nini hukusubiri?"

"Suruali hii ulinishonea wewe, fundi. Miaka kumi haijanibana wala kunidondoka. Nikajua hukosei."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Mkasi.

Kikongwe alikuwa amefika kwenye geti la Bi Mkasi, anahema juu ya mkongojo. "Nifungulie, mwanangu, nitumie choo chako. Cha kule nyuma sifiki tena."

Bi Mkasi akafungua, akampa bega. Walikwenda hatua moja, wakapumzika, wakaenda nyingine.

"Pole, mama," akasema, akiangalia chini.

"Mwanangu ni mjinga, nimemzoea," kikongwe akajibu. "Wewe mjuzi ndiye unayenitembeza."