Themostati ya Vifaranga Kwenye Pombe ya Baba

Vuta kiti ukae, wewe unayenisikiliza, nikueleze jambo ambalo ningefurahi kama kuna mtu angenieleza mimi mapema. Si gumu, usiogope. Pombe ya asali ikiwa inachachuka ni kitu kilicho hai: inakula, inapumua, na inatoa joto lake yenyewe. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki niliijua kwa kumuumiza baba yangu.

Mimi ni fundi wa mashine za kuangulia vifaranga, hapa Nakuru. Kazi yangu kubwa ni themostati, yaani kile kisanduku kidogo chenye namba nyekundu. Kina waya mmoja wenye ncha ya chuma inayosikia joto, ambao tunauita sensa, na ndani kina swichi. Kukiwa baridi swichi inawasha balbu, joto likitosha inaizima. Nimewafundisha akina mama wengi wa kuku kukitumia, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Wazazi wangu wanakaa Mau Narok, juu kwenye ngano na viazi, mahali ambapo asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Huko baba yangu alijulikana kwa kitu kimoja. Familia ikitaka kwenda kuposa, ilimletea asali na yeye akaitengenezea muratina, pombe ya asali. Siku hizi wengi hupeleka kreti za soda na biashara inaisha, lakini kuna wazee ambao hawakai kuzungumza kabla hawajaonja pombe ya asali, na wakionja mbaya wanajua umewadharau. Baba hakuwahi kudharau mtu. Drumu lake la plastiki lilikaa jikoni karibu na moto, limefunikwa blanketi, naye alikuwa akiingiza mkono wa kulia chini ya blanketi, anatulia kidogo, kisha anaongeza kuni au anatoa blanketi moja. Themostati yake ilikuwa hicho kiganja.

Halafu kiharusi kikampata. Miguu ilirudi na fimbo, maneno yakarudi polepole, lakini mkono wa kulia haukurudi. Siku moja aliuweka juu ya sufuria ya moto, na mama ndiye aliyesikia harufu ya ngozi. Kuanzia hapo baba aligeuza kiti chake kikaangalia ukuta. Alikuwa akinywa uji vijiko vitatu na kusema ameshiba.

"Huyu anajiondoa," mama aliniambia kwenye simu. "Si mgonjwa sana. Anajiondoa tu."

Nilipopanda kwenda kumwona, nilimkuta jirani yetu amekaa mlangoni na mtungi mkubwa wa asali. Mwanawe alikuwa anaoa Subukia, na ilikuwa imebaki wiki mbili waende kwa wazazi wa msichana.

"Mzee, wale watu wa Subukia ni wa zamani," alisema jirani. "Nikienda na soda watanirudisha kama mtoto wa shule."

"Mkono wangu umekufa," baba alisema, bila kugeuka.

Mimi nikasema, na hadi leo nasikia jinsi sauti yangu ilivyojaa kujiamini, "Baba, nitakutengenezea mkono mwingine."

Aligeuka. Tangu kiharusi sikuwa nimeona uso wake mzima.

Nilimweleza kwa utulivu kama ninavyokueleza wewe. Tutaweka drumu ndani ya sanduku la mbao, lile la mbegu za viazi. Ndani tutaweka balbu ya joto ya vifaranga. Themostati itashikilia digrii thelathini, mchana na usiku, bila mtu kuamka. Alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja.

"Hiyo kitu inasikia joto iko na chuma?"

"Ncha tu, baba."

"Basi haiingii kwa pombe."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu tangu kwa nyanya yake. Chuma hakigusi muratina. Baba anakoroga kwa mti, anachota kwa kibuyu, na hata mimi nilipokuwa mdogo niliambiwa nivue saa ya mkononi kabla ya kubeba maji yake. Sikubishana. Kwa mayai tunapima hewa, hatuchomi yai sensa, kwa hivyo niliona si tatizo. Niliining'iniza sensa hewani ndani ya sanduku, juu kwenye pembe, karibu na tundu nililotoboa la kupitishia waya.

Baba alichanganya asali na maji kwa mkono wa kushoto, mama akimshikia fimbo. Kisha akatoa matunda yake ya muratina. Haya ni matunda marefu ya porini yanayokatwa, kuchemshwa na kukaushwa mpaka yanakuwa na nyuzi kama brashi kuukuu. Kazi yake ni kubeba hamira. Ukimaliza pombe moja unayakausha, na hamira inalala ndani ikingojea pombe ijayo. Ya baba yalitoka kwa mama yake. Kwa maneno mengine, kila pombe aliyotengeneza ilikuwa mtoto wa ile ya kwanza. Aliyatumbukiza moja moja.

Siku ya pili asubuhi drumu lilikuwa linachemka povu vizuri. Nikashuka Nakuru kwa sababu nilikuwa na mashine za watu, na kwa sababu ndiyo maana ya kitu kinachojiendesha: unakiacha.

Nilipiga simu mchana.

"Namba inasema nini, mama?"

"Ishirini na saba."

"Nzuri. Itapanda."

Jioni nikapiga tena. Ishirini na saba. Siku iliyofuata, ishirini na sita. Balbu haijazima hata mara moja, mama alisema, na mzee amesimama hapo karibu na sanduku anasema harufu inakimbia.

"Inakimbia aje?"

"Sijui. Anasema inakimbia, ipoozwe. Anataka kutoa balbu."

"Mwambie asiguse," nilisema. "Mwambie pua inaweza kudanganya, mashine haiwezi."

Mama alimwambia. Baba akarudi kukaa.

Nilifika siku ya nne asubuhi. Nilijua kabla ya kufungua, kwa sababu jikoni kulinuka kama matufaha yaliyopikwa. Hakukuwa na povu. Niliweka kiganja kwenye drumu nikakiondoa haraka. Ngoja nikueleze kilichotokea, maana wewe unaweza kukiepuka. Upepo wa Mau Narok ulikuwa unaingia kwenye lile tundu la waya na kuipuliza sensa. Sensa ilikuwa inasikia baridi ya mlima na kuiambia swichi iendelee. Balbu ikaendelea siku mbili nzima, na pombe nayo ikaongeza joto lake juu ya hilo. Namba niliyokuwa nikisomewa kwenye simu haikuwa ya pombe. Ilikuwa ya upepo.

Hamira ilikuwa imepikwa. Na matunda yote ya nyanya yangu yalikuwa ndani, yamepikwa pia.

Baba alichovya kidole cha kushoto, akaonja, akasema, "Imekufa." Hakunitazama. Alitembea polepole hadi kwenye kiti chake na kukigeuza.

Nilienda mwenyewe kumwambia jirani. Ni mtu mpole, na upole wake ulinimaliza kuliko matusi.

"Ni sawa, fundi," alisema. "Tutabeba soda. Mzee amezeeka, sisi ndio tulimsumbua."

"Si yeye. Ni mimi."

"Ni sawa," alisema tena, na nikajua atakachowaambia watu ni kwamba mzee amezeeka.

Siku hiyo baba hakunywa uji, na siku iliyofuata hakunywa hata chai. Mama alikuwa akipeleka kikombe na kurudi nacho, anakimwaga nje kwa vifaranga, anajaza kingine. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nimemgeuza baba kutoka ukutani kwa ahadi, kisha nikamrudisha kwa mkono wangu, na safari hii sikuwa na ahadi nyingine. Nilijaribu kuongea naye kuhusu kosa langu, jinsi ningeziba tundu, wapi ningeweka sensa. Maneno yaligonga mgongo wake yakaanguka.

Siku ya tatu nilitoka nje na shoka, nikaanza kulivunja lile sanduku. Ubao wa pili ulipopasuka, fimbo yake iligonga kizingiti.

"Unafanya nini?"

"Nachoma hii takataka."

"Acha. Ni sanduku ya mbegu, si yako."

Nikaacha. Alisimama kwa muda, anapumua kwa mdomo. Kisha mkono wa kushoto ukaingia kwenye mfuko wa shati, polepole sana, ukatoa leso iliyokunjwa. Ndani kulikuwa na tunda moja la muratina, kavu, lenye nyuzi zake zote.

"Ulibakisha," nilisema.

"Nilibakisha."

"Kwa nini?"

"Wewe ni fundi," alisema. "Fundi huwa anajaribu kwanza."

Mama alicheka huko jikoni, kisha akaanza kulia, na mimi nikajifanya naokota mbao.

Tunda moja haliwezi drumu. Asali iliyobaki ilikuwa ya mama, ile anayoweka iwe dawa ya kifua, na jirani alituongezea kikombe bila kuuliza. Ilitosha kibuyu kimoja. Safari hii nilimwomba baba ruhusa ya kila hatua. Sensa haiingii ndani, nikamwambia, inalala nje, kwenye tumbo la kibuyu. Chuma kitagusa ngozi ya kibuyu tu. Alifikiria. "Weka kitambaa katikati," alisema. Nikaweka kitambaa chembamba. Mbao nilizopasua nikazipigilia upya, tundu nikaliziba kwa nta. Balbu nikaweka ndogo, mbali.

Sikushuka Nakuru. Tulikaa naye kwenye viti viwili mbele ya kibuyu, na kila alipoinamisha shavu lake ubavuni mwa kibuyu, nilimsomea namba. Mara ya kwanza alisema, "Bado kidogo," na ilikuwa ishirini na nane. Ilipofika thelathini balbu ikazima, tak, naye akainua uso kutoka kwenye kibuyu karibu wakati huohuo. Kesho yake asubuhi aliweka sikio akasikia povu, akaniita niweke langu. Povu lilikuwa linavuma kwa chini, kama mzinga wa mbali.

"Mama," alisema, akimaanisha mke wake, "ile uji iko?"

Kilikuwa kibuyu kimoja tu, na jirani alibeba soda pia. Wazee wa Subukia walizungusha pembe moja ya kunywea, kila mmoja akipata kidogo, na waliuliza nani ameitengeneza. Baba aliyasikia hayo yote kutoka kwa jirani akiwa amekaa, kiti kimeangalia mlango. Mkono wake bado haujarudi. Matunda mapya, aliyoyalaza kwenye povu la kibuyu kile, sasa yanakauka juu ya dari. Ni manne.

Kwa hivyo, ukianza yako, fanya hivi. Funga ncha ya sensa nje ya chombo, chini ya usawa wa pombe, upande usiotazama balbu. Ifunike kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne ili hewa isiifikie. Ngoja saa moja kabla ya kuamini namba, na mtu wa nyumba akikuambia harufu inakimbia, zima balbu kwanza, kisha umuulize.